Sushi ya Ijumaa: mimi mjamzito, baba mkwe ana presha na sukari, na samaki ni mbichi

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Shangani, Mtwara. Nina mimba ya miezi mitano. Mume wangu amejifunza kutengeneza sushi, ule wali wa siki wa Kijapani unaosokotwa na samaki, na sasa kila Ijumaa jioni nyumbani kwetu hapikwi kitu kingine. Anasema hakuna chakula cha afya kama hicho: hakina mafuta, ni samaki, na ndiyo maana Wajapani wanaishi miaka mingi. Mama mkwe anasema samaki mbichi ni wa paka, na mimi nikiendelea mtoto atazaliwa na minyoo. Wakianza kubishana hao, chai inapoa.

Anavyofanya ni hivi. Jumatano asubuhi, kama saa moja, anakwenda feri kununua kipande cha jodari cha kilo mbili. Anarudi nacho kwenye mfuko kwa bodaboda, anakitia kwenye friza mpaka Ijumaa mchana, halafu anakikata kikiwa kibichi. Anasema minyoo imekufa kwa baridi. Friza yenyewe ndiyo ile ninayogandishia barafu za kuuza. Wali anaupika Ijumaa asubuhi kabla ya kwenda kazini, anauchanganya na siki, sukari na chumvi, anaufunika kwa kitambaa mpaka jioni. Watu wanne tunakula misokoto minane, kila msokoto vipande 8. Chupa ya soya sosi ya mililita 150 inatosha Ijumaa mbili.

Naomba unijibu haya. Sushi ni chakula cha afya kweli? Mimi nile au nisile? Ijumaa iliyopita nilikula vipande vitatu kabla sijaingiwa na hofu. Baba mkwe ana miaka 63, ana presha na sukari, anatumia vidonge, naye ameipenda kweli kwa kuwa "haina mafuta". La mwisho, karatasi za nori, yaani mwani mkavu wa kusokotea, tunaagiza Dar na ni ghali. Hatuwezi kutumia mwani unaolimwa huku kwetu?

Wako,
Mama Kijacho

---

Marahaba mwanangu, na hongera.

Nianze na wewe, maana mengine yanaweza kungoja Ijumaa. Samaki mbichi usile tena mpaka ujifungue. Sababu si ile ya mama mkwe. Minyoo ya samaki wa baharini ikimwingia mtu humsumbua tumboni na kwenye utumbo, haiendi kwa mtoto. Anayetafuta njia ya kwenda kwa mtoto ni bakteria anayeitwa Listeria. Huyu anakua hata ndani ya jokofu, polepole lakini anakua, na anaweza kupita kondo la nyuma. Mama mwenyewe huweza kupata homa ndogo tu kama ya mafua, kumbe mimba iko hatarini kutoka, au mtoto akazaliwa mgonjwa. Moto unamuua, kugandisha hakumuui.

Vile vipande vitatu, uwezekano mkubwa ni kwamba havijakufanya lolote. Usinywe dawa yoyote kwa ajili yake. Jiangalie tu: homa, baridi ya mwili, viungo kuuma, kuharisha, au mtoto kupunguza kucheza. Listeria inaweza kukaa kimya hata zaidi ya miezi miwili kabla ya kuonekana, kwa hiyo usijihesabie umepona baada ya wiki. Homa ikija, nenda kituoni siku hiyo hiyo na useme wazi: "Nilikula samaki mbichi tarehe fulani." Huku kwetu homa ya mjamzito inapimwa malaria kwanza, na ni sawa. Ila kipimo kikisema hakuna malaria, usikubali kurudi nyumbani na Panadol peke yake kabla hawajajua homa imetoka wapi.

Kupikwa nako hakumalizi habari ya samaki wakubwa. Papa, nduwaro na sulisuli wanakula samaki wengine kwa miaka, na zebaki inajikusanya kwenye nyama yao. Moto hauitoi. Hao waache kabisa mpaka ujifungue. Jodari yuko katikati: mwongozo wa huduma ya afya ya Uingereza unamruhusu mjamzito steki 2 kwa wiki, kila moja gramu 170 kabla ya kupikwa, au makopo 4 ya jodari. Kwa vibua, dagaa, changu, tasi, kamba na pweza waliopikwa huna haja ya woga huo. Kula mara mbili tatu kwa wiki, mtoto anawahitaji. Tena vibua na dagaa wana mafuta mengi ya omega-3 kuliko jodari mwekundu wa mumeo, ambaye ni mnofu mkavu. Haya hutayasikia kwa wauza sushi.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe, maana mumeo na mama mkwe wote wawili wanapigana na adui asiyekuwepo. Wanabishana juu ya minyoo. Kwa jodari, minyoo ndiyo hatari ndogo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri muda wa siku 7, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15 baada ya kuganda. Lakini jodari wakubwa wameondolewa kwenye sharti hilo, kwa kuwa si kawaida kukuta minyoo ya kudhuru kwenye mnofu wao. Angekuwa anatumia kibua, ngisi au changu, hapo mama mkwe angekuwa na hoja nzito. Na samaki wa maziwa na mito, sato, sangara, kambale, hawaliwi wabichi hata siku moja.

Hatari ya jodari ni saa alizokaa bila barafu.

Nyama ya jodari, nguru, kibua, kolekole na dagaa ina kitu ambacho bakteria wakikipata kwenye joto wanakigeuza kuwa histamini. Ni sumu ile ile ambayo mwili unaitoa mtu akipata aleji. Ikishatengenezeka haiondoki. Ukigandisha ipo, ukikaanga ipo, hata kiwandani ikiingia kwenye kopo inabaki. Haina rangi, na mara nyingi haina harufu. Mtu anakula, ndani ya dakika 10 hadi saa 2 uso unawaka na kuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, vipele vinatoka, wengine wanatapika. Watu husema "samaki ameniletea aleji", wakaacha samaki maisha yao yote, kumbe ni yule mmoja tu aliyepigwa jua. Dalili pekee ya mdomoni, na si kila mara, ni ladha ya pilipili au ulimi kuwashwa. Ukiipata, tema, wala usimalizie kwa aibu ya mwenye nyumba. Na kama kuna mtu hapo nyumbani anatumia dawa za kifua kikuu zenye isoniazidi, awe mwangalifu maradufu, kwa sababu dawa hiyo inauzuia mwili kuivunja histamini.

Tupige hesabu ya Jumatano. Tuseme jodari kanasa saa tano usiku. Mnada wa feri mumeo anaufikia saa moja asubuhi: tayari ni saa 8. Kama boti ilikuwa na barafu na samaki kafukiwa humo tangu alipotoka majini, hakuna shida. Kama alilala chini ya turubai, au maji ya bahari yalimwagiwa kumpooza, maji yetu ni ya uvuguvugu na hayakumsaidia. FDA wanasema kwenye joto la zaidi ya nyuzi 28 samaki wa aina hii awe barafuni kabla ya saa 6 kupita tangu afe. Hizo saa 6 anazigawana mvuvi, dalali, mchuuzi na bodaboda ya mumeo.

Hapo ndipo lugha yetu inapotupoteza kidogo. Feri ukiambiwa "samaki mbichi", maana yake hajakaushwa, hajakaangwa, katoka baharini leo. Haina maana kwamba anafaa kuliwa bila kupita motoni. Macho angavu yaliyotuna, matamvua mekundu, mnofu unaorudi ukibonyezwa, hivyo vyote vinamwambia mpishi wa mchuzi kwamba samaki huyu ni mzuri. Havimwambii mla mbichi kitu kuhusu barafu. Na mumeo ananunua kipande, hayo macho na matamvua hayaoni kabisa. Akague basi nyama iliyoshikana na mfupa: ikiwa imeachana na mfupa, uti umevunjika na damu imevilia ndani, huenda ni samaki wa baruti, na huyo anaharibika upesi hata kwenye mchuzi.

Swali la kumuuliza muuzaji si "ni wa leo?" Kila mtu atajibu ni wa leo. Aulize: "Barafu aliwekewa wapi, kwenye boti au hapa?" Akisema hapa, samaki huyo ni wa kupika, na kwa jodari akae karibu na barafu hata huyo wa kupika. Mumeo aende na kontena lake la baridi lenye kilo mbili za barafu kwa hizo kilo mbili za samaki. Kilo kwa kilo, ndicho kipimo cha nchi za joto. Barafu unauza mwenyewe, mwanangu, hilo halitawashinda.

Nimefika kwenye friza. Friza za nyumbani nyingi zimewekwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na hapo ni zikiwa zimejaa na hazifunguliwi. Ya kwako inafunguliwa kila mtoto wa jirani anapogonga na sarafu yake, na kila jioni unaingizia vifuko vipya vya juisi visivyo baridi, vikiegemea samaki. Kipande cha kilo mbili kina unene wa kiganja. Katikati yake panaweza kuchukua siku nzima au zaidi kuganda. Kwa hiyo toka Jumatano asubuhi mpaka Ijumaa mchana, lile "gandisho la siku mbili" huenda kwa katikati ya mnofu ni la siku moja, na si la nyuzi 20. Umeme ukikatika usiku, hamtajua.

Hilo la umeme lina dawa rahisi. Gandisha maji kwenye kikombe mpaka yawe jiwe, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, kikombe kikae kwenye friza siku zote. Ukikuta sarafu imezama katikati au chini, friza iliyeyuka ukiwa umelala ikaganda tena. Vilivyomo vya nyama na samaki vikaguliwe. Kilichoyeyuka kikakaa na joto kitupwe.

Kwa hiyo nasema wazi: jodari wa mfuko, wa bodaboda, wa friza ya biashara, asiliwe mbichi na mtu yeyote hapo nyumbani. Mumeo ni mtu mzima mwenye afya, akitaka mbichi kwa ajili yake peke yake basi samaki awe na barafu tangu botini, akatwe siku hiyo hiyo kwa kisu na ubao uliochemshiwa maji, na aliwe mara tu anapokatwa. Asidanganywe na wasabi, kile kiungo kikali kinacholiwa na sushi. Ile ya kijani inayouzwa kwenye mirija mara nyingi ni mzizi mwingine mkali uliotiwa rangi, na hata ya kweli haisafishi samaki. Na akiona mahali pameandikwa samaki ni wa daraja la sushi, ajue hata Marekani maneno hayo hayana kipimo cha sheria. Ni ya muuzaji.

Haya, afya.

Neno sushi halina maana ya samaki mbichi. Ni wali uliotiwa siki, na juu au ndani yake kuna kitu: samaki, yai, tango, kamba, pweza. Samaki mbichi mtupu bila wali anaitwa sashimi. Mumeo akisema "ni samaki", mkumbushe kuwa kwa uzito, sushi ni wali. Msokoto mmoja wa karatasi nzima unabeba kama gramu 120 za wali na gramu 40 hadi 50 za samaki. Mnavyokula ninyi, misokoto miwili kila mtu, ni gramu 240 za wali, sawa na sahani ya wali ya mchana. Ina wanga gramu 70 hivi, na yote pamoja, samaki akiwemo, ni kama kalori 450. Si nyingi, na si chache. Ukilinganisha na chipsi mayai, sushi inashinda kwa mbali. Ukilinganisha na wali mweupe, mchuzi wa changu usio na mafuta mengi na mboga za majani bakuli zima, inashindwa, kwa sababu tango vijiti viwili kwenye msokoto hazijawa mboga. Na siku mumeo atakapoanza kutia mayonizi na kamba wa kukaanga ndani, kila kijiko kikubwa cha mayonizi kinaongeza kalori kama 90, na ile "haina mafuta" ya baba mkwe imekwisha.

Hao Wajapani wenyewe hawali sushi kila siku. Nigiri, ile ya donge la wali na kipande juu, ilipata umaarufu Edo, ndiyo Tokyo ya leo, miaka ya 1820, ikiuzwa kwenye vibanda vya mtaani kwa watu wenye haraka. Kwa heshima ilikuwa kwenye daraja moja na mishikaki yetu ya jioni. Na kitu kinachowasumbua wao hadi leo ni chumvi: wastani wao ni karibu gramu 10 kwa siku, wakati Shirika la Afya Duniani linataka isifike 5.

Hiyo chumvi ndiyo habari ya baba mkwe. Wali wa sushi wa kawaida, gramu 300 za mchele mkavu, unatiwa kijiko cha chai cha chumvi na vijiko vikubwa viwili vya sukari. Kwenye misokoto yake miwili inamfikia chumvi gramu 2 na sukari kama vijiko viwili vya chai, kabla hajagusa sosi. Sasa chupa yenu: mililita 150 kwa Ijumaa mbili na watu wanne ni karibu mililita 19 kwa kila mtu. Kijiko kikubwa kimoja cha soya sosi, mililita 15, kina sodiamu kama miligramu 900, yaani chumvi gramu 2.3. Kwa mililita 19 anapata karibu gramu 3. Jumlisha: mzee anamaliza chumvi ya siku nzima kwenye mlo mmoja, na asubuhi alikula mkate, mchana mchuzi. Presha yake ikipimwa Jumamosi ikawa juu, usiilaumu dawa.

Simzuii. Sahani yake iwe hivi: vipande 6, si 16. Kabla ya hivyo vipande ale kachumbari au majani ya kuchemsha, bakuli zima, bila chumvi, na gramu 100 za pweza au samaki wa kuoka. Sosi mchanganyieni: kijiko cha chai kimoja cha soya sosi, viwili vya maji ya ndimu, tangawizi ya kukwaruza. Hapo chumvi inashuka kuwa gramu 0.75 na ladha bado ipo. Achovye upande wa samaki. Akichovya upande wa wali, wali unafyonza kama sponji na kusambaratika bakulini, kisha anaunywa wote. Msinunue ile ya chumvi pungufu mkadhani mmepona: nayo ina zaidi ya nusu ya chumvi ya kawaida. Kama vidonge vyake ni vya aina inayoweza kushusha sukari kupita kiasi, kama glibenclamide, au anachoma insulini, asipunguze wanga ghafla bila kuwaambia kliniki yake. Na kama ana kipimo nyumbani, apime saa 2 baada ya kula. Namba hiyo itawamalizieni ubishi kuliko mimi.

Tatizo la tatu ni wali wa asubuhi. Mchele una mbegu za bakteria, Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa na joto la Mtwara kutwa nzima, zinaamka, na sumu ya baadhi yao haiondoki hata ukipasha. Siki inazizuia, na ndiyo maana migahawa inaweza kuuacha wali nje. Lakini wao wanapima ukali wa siki kwenye wali kwa kifaa, mumeo anaonja kwa kidole. Apike akirudi kazini.

Vipimo: mchele gramu 300, kikombe kimoja na nusu. Mchele wetu mrefu unaachana, msokoto unabomoka ukikatwa. Tafuteni ule wa punje fupi, au angalau mchele mpya wa msimu, unashikana kuliko wa zamani. Uoshwe mara tatu nne mpaka maji yakaribie kuwa maangavu, ulowekwe dakika 30, upikwe na maji mililita 400 moto mdogo dakika 12 hadi 15 ukiwa umefunikwa, kisha ukae na kifuniko dakika 10 nje ya moto. Siki vijiko vikubwa 4, sukari kijiko kikubwa 1, chumvi nusu kijiko cha chai, vipashwe mpaka viyeyuke bila kuchemka. Sukari na chumvi nimezipunguza kwa nusu kwa ajili ya mzee. Siki msiiguse, ndiyo mlinzi. Wali umwagwe kwenye sinia pana ukiwa wa moto, siki imwagiwe hapo hapo, na mwiko ukate kama kisu, usisonge kama ugali. Mtu mwingine apepee kwa ungo. Wali wa moto unaivuta siki ndani. Uliopoa unaiacha chini ya sinia, juu pakawa chapwa na chini pakawa pakali. Gramu 300 zinatoa misokoto mitano au sita, na hiyo ndiyo ya watu wanne. Ikishasokotwa, iliwe ndani ya saa 2. Siku za joto kali lile la Desemba, saa 1. Yaliyobaki hayalali mpaka kesho. Na kama kichocheo chake cha kwenye simu kinataja mirini kwenye wali, hiyo ni pombe, ya kweli ina karibu asilimia 14. Siki na sukari vinatosha.

Cha kuweka ndani, na hapa ndipo nawe unaporudi mezani. Huko huko Japani, pweza wa sushi anachemshwa kwanza, kamba wa kawaida anachemshwa, yai linapikwa, na mkunga anapikwa mpaka aive kabisa kwa kuwa damu yake mbichi ina sumu. Kwa hiyo mumeo hana sababu ya kusema ya kupikwa si sushi.

Kamba: mpitishie kijiti cha mshikaki tumboni toka kichwani hadi mkiani asijikunje, maji yanayochemka dakika 2 hadi 3 mpaka awe mwekundu na mweupe bila sehemu ya kung'aa kama kioo, kisha maji ya barafu. Nguru au jodari aliyekaa na barafu: aoke kwa makaa mpaka mnofu uachane wenyewe ukiubonyeza kwa uma, mchambue, mchanganye na parachichi badala ya mayonizi. Jodari wa kopo wa kwenye maji, akamuliwe vizuri, la sivyo nori inalowa na kupasuka. Chaza wa mikokoni, hata kama ni watamu, wasiingie wabichi.

Nori yenyewe haina neno. Karatasi moja ni gramu 3 hivi, ina madini joto, na mbili kwa wiki hazikudhuru. Hapa Mtwara unyevu unailegeza kwa siku moja. Iweke kwenye kopo la kubana na kifuko cha mchele mkavu.

Kuhusu mwani wa huku: ule unaolimwa kwenye mwambao wetu, Mtwara, Lindi mpaka Kilwa, kotonii na spinosamu, ni jamii nyingine kabisa. Unakaushwa na kusafirishwa kwenda kutoa karajinani, kitu cha kugandishia kinachotiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Ukiuloweka unakuwa kama jeli, haufanyi karatasi, na nori inatokana na mwani mwingine, wa maji baridi. Badala ya kuagiza Dar kila wiki, tengenezeni kifuniko cha yai: mayai mawili, kijiko cha maji, kikaango kikavu, chapati nyembamba iive pande zote mbili bila ute. Au msisokote kabisa: pakeni kopo la mstatili kwa mafuta kidogo, tandazeni jani la mgomba lililopitishwa motoni, samaki aliyepikwa chini, wali juu, kandamizeni kwa kopo jingine dakika 10, pindueni na kukata. Wajapani wana sushi ya kukandamizwa vilevile, na haihitaji nori.

Pweza nimemwacha mwisho kwa makusudi, maana huyo ni wa mama mkwe. Wa kilo moja agandishwe usiku mmoja kwanza, nyuzi zake zinalegea, hata wa kupigwa pigo chache zinatosha. Maji kidogo, moto mdogo, bila chumvi, dakika 45 hadi saa nzima, mpaka uma uingie kwenye mkono wake mnene bila kusukumwa. Atapungua karibu nusu, kwa hiyo kilo moja ni ya watu wanne na si zaidi. Apoe kwenye maji yake, ukimtoa wa moto ngozi inavuliwa yote. Akatwe kwa mshazari, vipande vyembamba kama sarafu mbili zilizopangwa. Mpe mama mkwe hiyo sufuria Ijumaa saa tisa alasiri, na mumeo ashike sinia la wali. Samaki wa paka hatakuwepo mezani, na vipande vyako 8 utavila bila kumwangalia mtu usoni.